Eka tano Maine: anzeni na kuni, mbuzi watasubiri

Swali: Shikamoo kaka. Sisi tuko Lewiston, jimbo la Maine huku Marekani, mimi na mume wangu na watoto wanne, wa mwisho ana miaka mitatu. Tumechoka na kodi, tumechoka na bili ya mafuta ya kupasha nyumba, na dukani kila kitu kimepanda. Tumeona nyumba ya zamani yenye eka 5, dakika kama arobaini kutoka mjini, bei tunaiweza. Tunataka tulime, tufuge kuku na mbuzi wa maziwa, tupashe nyumba kwa kuni, tuishi maisha rahisi ya kujitegemea. Mume wangu anataka tuhamie Aprili ili tuwahi kupanda. Wote tumekulia Morogoro, kilimo si kigeni kwetu. Tuanze na nini? Na je, matembele yatakubali kweli huku?

Jibu: Marahaba dada, na poleni na hiyo bili ya mafuta maana najua inavyouma ikija Februari.

Nianze na jibu lenyewe ndo nieleze sababu. Mwaka wa kwanza msinunue mbuzi. Kuku wachache sawa, bustani ndogo sawa, lakini nguvu zenu na hela zenu za mwaka wa kwanza ziende kwenye nyumba, kuni na maji. Na Aprili msihamie, nitakwambia kwa nini.

Unajua watu wetu wengi waliolima nyumbani wakija huku wanadhani kazi ni ile ile ila mazao ndo tofauti, na kwenye jembe ni kweli mmewazidi Wamarekani wengi wanaokimbilia haya maisha wakitokea mjini. Ila Morogoro vuli ikikuangusha unasubiri masika, mchicha unapanda mwezi wowote ukiwa na maji, na hakuna anayekufa kwa sababu ukuta una upenyo. Huku nafasi ya kupanda ni moja tu kwa mwaka. Maeneo ya Lewiston jalidi ya mwisho, ile baridi inayogandisha umande na kuunguza majani, inapiga katikati ya Mei hivi, na ya kwanza inarudi mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba, yaani mna siku kama 120 hadi 140 za mazao yanayoogopa baridi, basi, miezi mingine yote ni ya kula na kuchoma mlichoweka. Kwa hiyo hesabu za kaya ya huku zinapigwa kuanzia Januari kurudi nyuma. Unajiuliza, Januari saa 11 jioni giza limeshaingia, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji magotini, ndani kuna nini? Halafu unajiuliza hicho kitu kilitakiwa kiandaliwe mwezi gani.

Chukua kuni. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na kuni ya kuchoma kwenye jiko la ndani inatakiwa unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kufika hapo, mti kama mepo au ashi unahitaji kupasuliwa na kupangwa juani na upepo upite katikati kwa mwaka mzima hivi, na mwaloni mwekundu unataka miaka miwili. Kwa maana hiyo kuni za Januari ijayo zinatakiwa ziwe zimeshapasuliwa na kupangwa sasa hivi tunavyoongea. Mkihamia masika, mkakata miti yenu kiangazi mkategemea kuichoma Desemba, mtakuwa mnachemsha maji ndani ya jiko, moto hautoi joto, na mbaya zaidi ule moshi wa unyevu unaganda ndani ya chimni, lile bomba la moshi, unakuwa masizi mazito yenye lami, siku moja yanashika moto humo humo ndani. Moto wa chimni unaunguza nyumba nyingi sana huku, na karibu kila mara chanzo ni kuni mbichi na chimni isiyosafishwa.

Sasa wingi wake. Kuni zinauzwa kwa kodi (na si hii kodi ya nyumba mnayoikimbia), ambayo ni rundo la futi 8 urefu, 4 upana, 4 kimo, yaani futi za ujazo 128. Nyumba ya zamani ya kawaida inayopashwa kwa kuni tupu inaweza kula kodi 5 au 6 kwa msimu, na kama inavuja upepo inazidi hapo. Kodi moja ya mti mgumu mbichi ina uzito unaozidi tani 2. Kwa hiyo mnaongelea zaidi ya tani 10 za kukata, kupasua, kupanga, kubeba ndani, na majivu yake kutoa nje, na yote hayo mwenye mgongo ni mume wako na wewe. Sikutishi, watu wanafanya na watoto wakishakuwa wakubwa wanasaidia vizuri tu kupanga, lakini ni vizuri ujue kabla hujaambiwa na mtu wa mtandaoni kuwa kuni ni bure.

Na eka 5 hazitawatosheleza kuni. Kanuni ya watu wa misitu wa huku ni kwamba eka moja ya msitu inatoa kama nusu kodi kwa mwaka bila kuumaliza, sasa toa sehemu ya nyumba, bustani, njia na banda, mnabakiwa na eka tatu za miti labda, hapo ni kodi moja na nusu. Nyingine mtanunua. Ukipiga simu kununua muuzaji atakwambia ni kavu, wote wanasema ni kavu, wewe nunua kipima unyevu kile kidogo cha pini mbili, chagua vipande vichache kwenye mzigo, vipasue upya na upime ile sura mpya ya ndani, maana nje hukauka mapema na hudanganya. Kuni iliyokauka kweli ina nyufa kwenye ncha na ukigonganisha mbili zinalia kwa sauti ya juu, zile mbichi zinatoa mlio mzito uliofifia.

Je inalipa? Inalipa. Kodi moja kavu ya mti mgumu kwenye jiko zuri inafanya kazi ya galoni 120 hadi 150 za mafuta, na lile tenki la kawaida la bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, ni galoni 275, kwa hiyo kodi mbili zinakaribia tenki zima, piga na bei ya mafuta ya mwaka huu utaona mwenyewe. Ila inalipa zaidi kupunguza kiasi cha joto mnachohitaji kuliko kutafuta joto la bei rahisi, na hapa ndo nataka mume wako anisikilize vizuri.

Nendeni mkaione hiyo nyumba sasa hivi kabla theluji haijaisha, siku moja au mbili baada ya kudondoka theluji mpya, asubuhi. Msiingie ndani kwanza. Simameni barabarani mtazame paa. Paa la nyumba iliyozibwa vizuri linabaki na theluji sawasawa mpaka pembeni. Nyumba inayovuja utaona mabaka, sehemu theluji imeyeyuka na sehemu ipo, na kwenye ukingo wa paa zinaning'inia barafu ndefu. Ile ni pesa ya mafuta ya mwenye nyumba inapaa kupitia darini, inayeyusha theluji, maji yanashuka mpaka ukingoni ambako kuna baridi yanaganda tena, yanajenga ukuta wa barafu, na maji yanayofuata yakikosa pa kutokea yanarudi ndani ya dari na kuta. Mkiingia ndani angalieni kwenye pembe za dari kama kuna madoa ya kahawia. Kuona hivyo si lazima muache kununua, nyumba nyingi za zamani za Maine ziko hivyo hivyo, lakini mtajua kazi ya kwanza ni ipi na mtakuwa na la kusema kwenye bei. Kuziba upenyo na kuongeza insulesheni, yale matandiko ya kuzuia joto lisitoke, darini na kwenye kuta za bezimenti kunaweza kushusha zile kodi 6 zikawa 4. Na kuna taasisi inaitwa Efficiency Maine inarudisha sehemu kubwa ya gharama hizo, na kwa familia za kipato cha chini au cha kati inarudisha zaidi, kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi yeyote waulizeni hao kwanza.

Hao hao wanasaidia na hitipampu, zile mashine za umeme za kuvuta joto la nje na kuliingiza ndani. Najua kuna wapenda maisha ya kienyeji wanaziona kama kusaliti, mimi naona ni ujinga tu. Jimbo liliweka lengo la kufunga 100,000 ifikapo 2025 na likalifikia 2023, na za sasa hivi zinafanya kazi hata kwenye baridi kali ingawa nguvu inapungua. Kwa familia yenye watoto wadogo na watu wawili wanaofanya kazi ningeweka hitipampu kwa Oktoba, Novemba, Machi na Aprili, na jiko la kuni kwa Desemba mpaka Februari na kwa siku umeme ukikatika. Hivyo mnahitaji kodi 3 badala ya 6 na mnabaki na nguvu za kulima.

Umeme kukatika huku si mchezo. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nyaya na nguzo, mamia ya maelfu ya watu Maine wakakaa gizani, wengine zaidi ya wiki mbili. Na kijijini umeme ukikatika maji pia yamekatika, maana kisima chenu ni cha kuchimbwa kwa mashine kwenye mwamba na pampu iko chini huko inategemea umeme. Wekeni ndoo na madumu ya akiba, hilo halihitaji mtaalamu kwa mtu wa Morogoro. Jenereta ikae nje mbali na madirisha, na jiko la mkaa kamwe lisiingie ndani, hadithi za watu kulala na jiko la mkaa wakaamkia mochwari mnazijua, huku nyumba zimezibwa zaidi na sumu ni ile ile ya kaboni monoksaidi. Vifaa vya kutoa alamu ya hiyo sumu na ya moshi viwepo kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Na jiko la kuni likaguliwe na mtu mwenye leseni, kama halina kinga ya joto ukutani linatakiwa likae inchi 36 kutoka kwenye kitu chochote kinachoungua, kampuni ya bima ya nyumba itauliza hilo na ikikuta jiko mmelifunga wenyewe kiholela siku ya tatizo mtajuta.

Kwenye maji kuna kitu kikubwa zaidi ya umeme. Miamba ya Maine ina aseniki, sumu ya asili ya kwenye mawe, takribani kisima 1 kati ya 10 kina kiwango kinachozidi mipaka ya usalama, ambayo ni maikrogramu 10 kwa lita. Haina rangi, haina harufu, na kuchemsha hakusaidii, kunazidisha tu maana maji yanapungua sumu inabaki. Halafu kuna mambo ya PFAS, zile kemikali zisizooza. Kwa miaka mingi mashamba mengi ya huku yaliwekewa tope la mitambo ya majitaka kama mbolea, baadaye ikagundulika lina hizo kemikali, wakulima wengine wakafunga kabisa mashamba, maeneo ya Fairfield na Unity yanajulikana kwa hilo, na mwaka 2022 Maine ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku kumwaga hilo tope mashambani. Idara ya mazingira ya jimbo ina ramani ya sehemu zilizokuwa na kibali cha kuweka tope, iangalieni, muulizeni muuzaji kwa maandishi, na mkataba wenu useme ununuzi unategemea majibu ya kipimo cha maji ya aseniki, PFAS, bakteria na radoni, ile gesi ya mionzi inayotoka kwenye miamba. Hela ya hivyo vipimo msiionee uchungu. Jingine ni madini ya risasi kwenye rangi, yenye sumu kwa watoto, nyumba yoyote ya kabla ya 1978 chukulieni inayo mpaka ipimwe, nyie mnatoka Lewiston mnajua watoto wangapi wameathirika na hilo. Rangi ikibanduka inadondokea kwenye udongo wa pembeni ya nyumba, kwa hiyo bustani ya mboga isikae ukutani kwa nyumba hata kama pale ndo pana jua, sogeeni.

Sasa Aprili. Aprili Maine ni msimu wa matope. Theluji inayeyuka juu lakini ardhi chini bado imeganda, maji hayana pa kwenda, barabara za vumbi zinakuwa uji. Halmashauri nyingi zinaweka vibao vya kuzuia magari mazito kipindi hicho, kwa hiyo lori la mizigo, lori la kuni, lori la mchanga, yote yanaweza kukataliwa. Na hata mkifika mnapanda nini kwenye ardhi ambayo ukiichimba inajaa maji? Malizeni shule ya watoto mhamie Juni mwishoni, bustani ya mwaka wa kwanza iwe ndogo tu ya mboga za haraka, na kuni kavu mnunue Julai watu wengine hawajaanza kugombania.

Kwenye shamba sina wasiwasi na nyie kwa hiyo sitakaa sana. Sukuma wiki na kabichi zinapenda huku kuliko nyumbani, sukuma ikipigwa na jalidi inakuwa tamu zaidi na mtachuma mpaka Novemba. Mchicha panda mwanzoni mwa Juni, Julai unakula, ukipigwa na baridi umekufa siku hiyo hiyo. Nyanya chungu na biringanya zinataka miche ianziwe ndani Machi chini ya taa na baadaye ikae kwenye banda kitalu la plastiki. Vitunguu saumu ni kinyume na mazoea yenu, vinapandwa Oktoba, vinalala chini ya theluji, vinavunwa Julai. Maharage mtafurahi, Maine ni nchi ya maharage, wana aina za zamani za kukausha zinazokomaa ndani ya siku mia hivi na ladha yake si haba. Mahindi ya ugali yanawezekana pia ila chagueni zile aina ngumu za kaskazini zinazowahi. Mkitaka kuona kwa macho nendeni Liberation Farms kule Wales, si mbali na Lewiston, ni shamba la jumuiya ya Wasomali Wabantu, na kati yao mtakuta watu wanaoongea Kizigua kabisa, asili yao ni huko huko kwetu Handeni kabla mababu zao hawajapelekwa Somalia utumwani karne ya 19. Wanalima mahindi, wanafuga mbuzi, na maswali mengine watakujibu vizuri kuliko mimi.

Kuna kitu watu hawakitegemei ambacho ni mwanga. Mchana ukishuka chini ya masaa 10 mimea inaacha kukua hata kama umeifunika na baridi haiifikii, na kwa Maine hiyo ni kuanzia mwanzo wa Novemba mpaka mwanzo wa Februari. Eliot Coleman, mkulima wa Harborside humu humu Maine aliyeonyesha dunia kuwa unaweza kuvuna mboga huku majira ya baridi bila kupasha joto, siri yake ni kwamba mboga zinafika ukubwa wake kabla ya hiyo tarehe, halafu Desemba na Januari yeye anachuma tu zilizosimama ndani ya plastiki. Kwa hiyo spinachi ya Januari inapandwa Agosti na Septemba. Hesabu ni ile ile ya kurudi nyuma.

Na kuweka chakula ndo nusu ya kazi. Viazi mviringo vinataka giza, unyevu na nyuzi 3 au 4, kona ya bezimenti ya zamani yenye sakafu ya udongo mara nyingi iko hivyo hivyo bila kufanya chochote. Karoti ziwe kwenye mchanga wenye unyevu. Maboga yasishuke huko, yanataka pakavu na nyuzi 10 hadi 13, chini ya kitanda kwenye chumba kisichopashwa sana kunafaa. Tufaha zisikae chumba kimoja na viazi maana zinavifanya vichipue. Kusindika kwenye chupa, nyanya zilizoongezwa juisi ya limau ya dukani au siki na jamu mnaweza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, lakini maharage mabichi, mahindi, nyama, mchuzi, vyote visivyo na uchachu vinataka sufuria maalumu ya presha inayofika nyuzi 116, hapa hakuna njia ya mkato. Vijidudu vya botulini vinavumilia maji yanayochemka, vinakua ndani ya chupa isiyo na hewa na chakula kinaweza kisinuke wala kubadilika. Ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Maine inafundisha kusindika, bei ndogo au bure, mwende wote wawili. Wakati mnajifunza, nunueni friza kubwa ya mtumba.

Kuku sita au nane wanatosha watu sita. Mchukue aina zenye undu mdogo, ile nyama nyekundu ya kichwani, maana ndefu inaganda na kuoza, Wyandotte wazuri, na Chantecler walizalishwa Quebec kwa ajili ya baridi kabisa. Banda liwe kavu na liwe na tundu za hewa juu juu, kuku hafi na baridi haraka, anaumia na unyevu wa pumzi na kinyesi chake mwenyewe ukiganda juu yake. Taa ya joto bandani sikushauri hata kidogo, vumbi, manyoya na majani makavu na balbu ya moto, mabanda yanaungua kila mwaka na mengine yanaondoka na nyumba. Mayai yatapungua sana Desemba kwa sababu kuku anataka mwanga wa masaa 14 au zaidi ili atage vizuri, ukiweka balbu ndogo ya kawaida alfajiri inasaidia, au waache wapumzike. Kitakachowachosha ni maji yanayoganda, mtabeba maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku Januari nzima, na hiyo ni kazi nzuri ya mtoto mkubwa.

Sasa ona mbuzi. Mbuzi wa maziwa mmoja anakula kama kilo 2 za hei, yaani majani yaliyokaushwa, kwa siku na huku majani mabichi hakuna kwa miezi sita saba. Mbuzi wawili, maana mmoja peke yake anapiga kelele mpaka majirani wanahama, ni kilo 4 kwa siku 200, yaani kilo 800, marobota kama 45 yale madogo, na mnahitaji sehemu kavu ya kuyaweka, uzio, dume wa kupandisha, na mtu wa kukamua asubuhi na jioni kila siku hata siku ya harusi ya ndugu Portland. Mwaka wa kwanza hamjui hata upepo unapiga upande gani wa hiyo ardhi. Subirini mwaka wa tatu.

Pesa. Mmoja wenu asiache kazi, hasa yule mwenye bima ya afya. Harakati hizi za kurudi shamba Maine zinaanzia mbali, wazee Helen na Scott Nearing walihamia Harborside 1952 wakitokea Vermont na vijana wa miaka ya 1970 wakamiminika kuwafuata, lakini wale wazee walikuwa wawili tu, hakuna watoto wadogo ndani, na walikuwa na kipato cha vitabu na mihadhara. Watu wengi waliowaiga bila hicho kipato walirudi mjini. Azimio la Arusha lilitufundisha kujitegemea na mimi naamini, ila bili ya hospitali ya huku hailipwi kwa mayai. Mkishakaa kwenye nyumba yenu miezi 12, ombeni halmashauri ile punguzo ya kodi ya ardhi kwa wanaoishi kwenye nyumba zao wenyewe, inaondoa hadi dola 25,000 kwenye thamani wanayoitoza, fomu irudi kabla ya Aprili 1, watu wetu wengi hawajui na haiji yenyewe.

Mawili ya haraka kuhusu watoto. Kupe wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme na Maine ni kati ya majimbo yanayoongoza, kila jioni ya kiangazi wakaguliwe nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, na kupe avutwe kwa kibano taratibu, msimpake mafuta wala kumchoma. Na vitamini D, kwa ngozi zetu na jua hili la Novemba mpaka Februari mwili hautengenezi ya kutosha hata mkicheza nje kutwa, ongeeni na daktari wa watoto kuhusu dozi, na nyie wazazi mjipime pia, ule uchovu na uzito wa moyo wa Januari wengine wanadhani ni kukumbuka nyumbani tu.

Matembele sasa. Yanakubali, ila si ya kudumu kama nyumbani. Pandeni marando mwanzoni mwa Juni udongo ukishapata joto, funika ardhi kwa plastiki nyeusi itawasaidia, na kuanzia katikati ya Julai mnachuma majani. Viazi vyenyewe vitakuwa vidogo, msivitegemee. Mbegu ya mwaka unaofuata msinunue tena, mwanzoni mwa Septemba kabla ya jalidi kateni vikonyo vichache vya urefu wa kiganja, viwekeni kwenye glasi ya maji, vikitoa mizizi vihamishieni kwenye chungu na viwekeni dirisha la kusini. Vitakonda Januari lakini havitakufa, Aprili vinaanza kutambaa tena na hapo unakata marando mapya.